Brashi ya Futi Sita

Mti wa Krismasi uliokatwa shambani una heshima zake. Unajua umekufa. Wiki mbili tu unakauka, unapukutika, na siku ya kuutoa kila mtu ana kazi nao. Kwa wakwe zangu kule Moshi, msaiprasi uliosimama sebuleni na pamba za kuigiza theluji, ikishapita Epifania ya tarehe 6 Januari utaukuta jikoni unachemsha maji ya kuoga.

Mti wa plastiki haujui kufa. Unapata kipara, unapinda shingo, unavunjika mguu, lakini haufi, na Januari ikiingia unabaki kona ileile kama mpangaji aliyemaliza mkataba na hana pa kwenda.

Wetu tuliununua Kariakoo wakati mtoto wetu wa kwanza bado ananyonya. Sasa ana ndevu. Ulikuwa wa aina ile ya zamani: nguzo ya chuma ya vipande viwili, kikalio cha miguu mitatu, na matawi ya kuchomeka moja moja. Kila tawi lilikuwa na alama ya rangi kwenye ndoana yake, nyekundu kwa safu ya chini, njano kwa inayofuata, hivyo hivyo mpaka kileleni. Alama zikafutika, karatasi ya maelekezo ikaliwa na panya pamoja na boksi lake, na tangu hapo kuusimamisha kukawa bahati nasibu. Kuna mwaka ulitoka mnene juu, mwembamba chini. Watoto wakaupamba hivyo hivyo, wakauita uyoga.

Tena sijui tulikuwa tunaupamba kwa ajili ya nani. Aliyeolewa na Mchaga anaelewa: Desemba ikikaribia ukingoni, Dar es Salaam wanaachiwa wengine, sisi tuko barabarani na mafurushi kuelekea Moshi. Mti tunaupamba tarehe 15, tunaufungia mlango tarehe 20, na sikukuu unakula na mlinzi wetu, ambaye ni mtu wa msikiti.

Mwaka huu nikasema basi. Vijana wa mkokoteni wa taka walipopita nikawaonyesha. Wakauzunguka, wakauinua kidogo, wakauweka chini. "Mama, hii siyo taka," mmoja akaniambia kwa upole. "Huu ni mzigo." Bei ya mzigo aliyoitaja ilikuwa inakaribia bei tuliyonunulia.

Baba watoto akaleta wazo la kiberiti, nikagoma. Majani ya miti hii ni PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji, na ikiungua hutoa gesi ya asidi inayowasha macho na koo, pamoja na dioksini, sumu ambayo ikishaingia mwilini haina haraka ya kutoka. Nikamwambia kama ni lazima auchome, basi asubiri siku mwenye nyumba anakuja kudai kodi.

Akasema vizuri, utatumika. Inabidi mfahamu kwamba mume wangu hatupi kitu. Ndoo zake zilizopasuka zina mchicha, tairi zake zina maua, na betri ya gari tulilouza bado inashikilia mlango wa stoo. Alichukua koleo, akayakatakata matawi ya chini vipande vya urefu wa kiganja, akavifunga juu ya wavu wa banda la vifaranga ili kunguru wakipita wasione kilichomo. Mbinu ya kijeshi, aliiita.

Anayewajua kunguru wa Dar ameshaanza kucheka. Asili ya ndege hawa ni India. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie kusafisha taka, na leo wametapakaa pwani nzima huku taka zikiwa palepale. Na kunguru huyu, ukiacha kifaranga, hakuna anachokipenda kama waya. Kiota chake ni karakana: waya wa uzio, waya wa umeme, henga ya nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Sisi tulikuwa tumemwekea duka la vifaa vya ujenzi, bure, juu ya wavu.

Nilimwona wa kwanza nikiwa napepeta mchele. Alitua pembeni ya banda, akainamisha kichwa, akakitazama kipande cha tawi kwa jicho moja kisha kwa la pili. Akakivuta ncha. Akakiachia, akakivuta tena upande mwingine, akafungua fundo la mume wangu kwa mdomo bila papara, kisha akakiuma katikati ili kisimlemee upande. Akaondoka nacho. Wenzake walikuwa wamepanga foleni kwenye ukuta. Haikufika mwisho wa wiki, juu ya banda pamebaki kamba tupu, na kwenye mwarobaini wa jirani kuna viota vya kijani kibichi, kimoja kinaning'iniza utepe wa dhahabu. Mti bandia ulikuwa umepandishwa juu ya mti wa kweli, na vifaranga wetu wako hadharani, wanaonekana kutoka juu vizuri kuliko zamani.

Siwalaumu sana, maana ukifuatilia ukoo, miti hii ni mali ya ndege. Wajerumani wa karne ya 19 ndio walioanza kuitengeneza kwa manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi ya kijani na kuzungushiwa kwenye waya. Kunguru walikuja kudai urithi wa shangazi yao.

Nguzo haikuleta ubishi. Iliunganishwa na kibuyu cha plastiki kilichokatwa mdomo, ikawa upondo wa kuangulia maembe, na Januari ndiyo wakati wake. Kikalio aliazima mama wa genge asimamishie mwavuli. Ulichomekwa asubuhi, upepo wa bahari ukafika saa sita, na mwavuli ukaonekana mara ya mwisho ukipita juu ya stendi ya bodaboda. Kikalio alikirudisha mwenyewe, kimya kimya.

Yakabaki matawi ya kati na ya juu, mfuko mzima wa salfeti, na hapa ndipo mti ulipotoa siri yake. Chukua tawi moja uliangalie vizuri. Kuna waya mbili zimesokotwa, na katikati ya msokoto zimebana utepe wa plastiki uliochanwachanwa. Ndivyo brashi ya kuoshea chupa inavyotengenezwa, hakuna tofauti. Na si kwamba zimefanana kwa bahati tu. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1930 kampuni ya Addis ya Uingereza, iliyojipatia jina kwa kutengeneza miswaki na brashi, ilitumia mashine zake za brashi kutengenezea miti ya Krismasi. Kwa hiyo miaka yote ile tulikuwa tumeipamba brashi ya futi sita, tukaizungushia taa, tukaiwekea nyota kichwani na zawadi miguuni, wakati yenyewe inatamani choo.

Nikaipa kazi yake. Nyavu za mbu madirishani, ambazo kitambaa kinazipaka vumbi tu, tawi linazichana zinabaki nyeupe. Bomba la sinki, kona za juu zenye utando wa buibui, nyuma ya friji ambako mkono haufiki. Linapinda unavyotaka na linakaa ulivyolipinda.

Mama mkwe, aliyeshuka kutoka Moshi kuja kliniki, aliliona likikauka dirishani, na nilipoingia jikoni nilimkuta amelizamisha kwenye chupa ya chai, analizungusha. "Mwanangu, mbona linaingia vizuri hivi?" Nikamwambia, mama, vyombo vya kulia hapana: miti ya PVC ya zamani mara nyingine ilitiwa madini ya risasi ili plastiki ivumilie joto. Akalitoa, akalikung'uta, akaniangalia kama mtu aliyeambiwa mboga imeshatiwa chumvi baada ya kuongeza. "Basi nifungie mawili," akasema. "Ya masizi ya jikoni kwangu."

Sasa pangaboi la sebuleni. Jumamosi ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Baba watoto akaona ndiyo nafasi, maana panga limetulia. Akafunga tawi kubwa kwenye upondo wa maembe, akaanza kusugua vumbi la miaka. Swichi ilikuwa namba tano, umeme ulipotuacha. Hakuna aliyeiangalia.

Jumuiya ikafika kwa wakati, jambo ambalo halijawahi kutokea parokiani kwetu. Mwenyekiti, mama mwenye sauti ya kuita meli, akaingia wa kwanza na kitenge chake kipya.

"Tumsifu Yesu..."

Umeme ukarudi. Panga likasita, likalinusa tawi, likalinyakua. Upondo ukamponyoka mume wangu mikononi, tawi likachomoka, likapita juu ya sahani ya maandazi na kutua kifuani kwa mwenyekiti. Vumbi na majani ya kijani vikaendelea kushuka taratibu juu ya wote, kwa usawa, bila kuangalia cheo.

"...Kristo," akamalizia.

"Milele, amina," tukajibu kutoka chini ya meza.

Rozari ilisaliwa watu wakipiga chafya kila fumbo. Maandazi hayakuguswa. Walipokuwa wanaondoka mwenyekiti alibaki nyuma, akiwa bado ana kijani kwenye nywele, akanyanyua macho darini. Panga lilikuwa linang'aa kuliko siku tuliyolinunua.

"Mama," akaninong'oneza, "hiyo brashi mmeinunua duka gani?"

Amechukua matatu. Katibu mawili, na mweka hazina anataka moja refu la tangi la maji, nikamwambia la tangi simpi, anywe maji salama, akakubali la madirisha. Nimebakiwa na yale mafupi ya kileleni. Yanafaa sinki na soli za raba. Anayetaka aje kabla baba watoto hajakumbuka kwamba banda la vifaranga bado liko wazi.