Mdahalo Umekwisha, Mgeni Usiropoke

Umefika Kamere jioni ya mdahalo wa urais. Umeketi hotelini karibu na Ziwa Naivasha, runinga imewekwa juu ya friji, samaki wako amebaki kichwa. Watangazaji wanaaga, na jamaa wa meza ya pili anakugeukia: "Sasa boss, nani ameshinda?"

Usijibu. Itisha chai kwanza. Huyo haulizi nani ameshinda, anauliza kwenu ni wapi. Kamere imejaa vibarua wa mashamba ya maua waliotoka kila pembe ya Kenya, na wenye umri hawajasahau ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, zilivyokuwa Naivasha. Ukibanwa sana, sema, "Wote wamejaribu."

Ila angalia kama kweli wako wote. Tarehe 26 Julai 2022 William Ruto alijibu maswali ya mdahalo peke yake pale Chuo Kikuu Katoliki, Nairobi. Raila Odinga alikuwa na mkutano wake Jericho. Mwaka 2017, chuoni hapo hapo, Raila ndiye aliyesimama peke yake, Uhuru Kenyatta hakutokea. Kwa hiyo jifunze kupima kiti kitupu. Asiyekuja ni mwoga akiwa wa kwao. Akiwa wa kwetu, ana heshima zake. Utamkuta mzee aliyesema la kwanza 2017 akasema la pili 2022, bila hata kukohoa. Usimkumbushe. Rimoti anayo yeye.

Huenda ukashikwa na homa ya kupima hoja. Ikikushika, kumbuka 2013, mdahalo wa kwanza wa urais nchini, wagombea wanane mbele ya kamera. Peter Kenneth alisifiwa kwa ufasaha wake, sanduku likampa kura 72,786 katika zaidi ya milioni 12. Mwalimu Abduba Dida, ambaye watu walikuwa wakimcheka, akampita kwa kura Martha Karua, wakili na waziri wa zamani. Mimi niliandika alama daftarini usiku ule. Daftari bado ninalo, halijanisaidia kitu.

Ukitaka mwamuzi, mtazame mama wa hoteli. Saa nzima amewapa mgongo wagombea, anasukuma chapati. Katiba, ufisadi, madeni ya nje: kifimbo hakisimami. Likitajwa neno unga, kinasimama. Anageuka na mikono yake myeupe, anasikiliza sentensi mbili, anaguna, anarudi kwenye kibao chake. Wiki moja kabla ya mdahalo wa 2022 serikali ilitangaza kwamba pakiti ya kilo mbili iuzwe shilingi 100. Walioisikia bei hiyo redioni walikuwa wengi kuliko walioiona dukani. Mguno ule ndio uchambuzi. Usimwombe aufafanue.

Sasa lipa, na ulipie na chai ya yule wa meza ya pili. Kalale. Basi la shamba la maua hupita alfajiri, na halimngoji mtu.