Jinsi ya Kuidanganya Fuwele bila Kumdanganya Msomaji

Najua unachokitaka. Unataka picha moja: mistari miwili angavu inayokatana gizani kwa umbo la X, koni ya Dirac, na jina lako chini yake. Usione haya. Kila aliyewahi kuziwinda elektroni za usoni mwa kihami cha topolojia aliitamani picha hiyo, na kitu chenyewe kinastahili tamaa. Ni fuwele ambayo ndani haipitishi umeme, lakini uso wake lazima upitishe. Umenye uso huo, na uso mpya ulio chini yake nao utapitisha. Basi sogea nikuonyeshe njia za mkato. Zipo nyingi, na nyingi ni halali.

Hatua ya 1: Kwepa hesabu ndefu

Kujua kama fuwele ni ya topolojia kulikuwa mzigo wa kuvunja mgongo, mpaka Liang Fu na Charles Kane walipoupunguza mwaka 2007. Ikiwa fuwele yako inabaki ileile ukiigeuza kila upande kupitia kitovu chake, achana na mengine yote na uangalie nukta 8 tu katika nafasi ya momenta ya elektroni. Katika kila nukta, chukua alama za hali zilizojaa elektroni, chanya au hasi, ukihesabu kila jozi mara moja. Zidisha zote. Jibu likiwa hasi, umepata.

Programu ya Quantum ESPRESSO inatolewa bure, na seli ya atomu chache inahitaji kompyuta ya kawaida tu. ASESMA, shule inayozunguka Afrika ikifundisha ukokotoaji wa aina hii, ilifika hata Eldoret mwaka 2012. Ila usisahau kuwasha mwingiliano wa spini na obiti. Bila huo, selenidi ya bismuthi inatokea kuwa kihami cha kawaida kabisa, nawe utaitupa jalalani fuwele bora kuliko zote.

Hatua ya 2: Chagua fuwele inayokupenda

Waliotangulia waliteseka. Würzburg, mwaka 2007, walipima tabaka za teluridi ya zebaki zenye unene unaozidi nanomita 6.3, katika baridi inayokaribia sifuri halisi. Princeton, mwaka 2008, walitumia mchanganyiko wa bismuthi na antimoni, ambao mistari yake usoni ni msitu. Wewe chukua selenidi ya bismuthi. Tangu 2009 inajulikana kuwa na koni moja tu, na pengo la nishati la takriban elektronivolti 0.3, zaidi ya mara 10 ya nishati ya joto la chumbani. Hakuna anayetoa tuzo kwa mateso.

Hatua ya 3: Gonga kijiti

Fuwele hii imepangwa kwa tabaka za karibu nanomita 1 kila moja, zilizoshikana kwa nguvu hafifu, na hubanduka kama chapati iliyosukumwa vizuri. Ibandike kwenye kishikio kwa gundi yenye fedha, bandika kijiti juu yake, iingize kwenye ombwe, kisha gonga. Kijiti kinaondoka na tabaka la juu, na unabaki na uso ambao haujawahi kuguswa na hewa. Kwa selotepu pia inawezekana.

Sasa mulika kwa mwanga wa urujuanimno. Elektroni zitaruka nje, kama Einstein alivyoeleza mwaka 1905, nawe utapima nishati na pembe ya kila moja. Hapa ndipo penye hila tamu kuliko zote: elektroni zinazotoka salama ni zile za tabaka chache za juu, kwa hiyo chombo chenyewe hakioni uchafu ulio ndani. Fuwele mbovu itakupa picha nzuri.

Fanya haraka. Hata katika ombwe, mabaki ya gesi hutua usoni, mikanda ya nishati hupinda, na baada ya saa kadhaa huchipuka hali nyingine za usoni ambazo hazina uhusiano wowote na topolojia. Afrika bado haina sinkrotroni yake. Ukipewa muda kwenye mashine ya wenyewe, usiumalize ukipiga picha uso uliozeeka.

Hatua ya 4: Kabili kilicho ndani

Picha umepata. Sasa utataka kupitisha umeme, na hapa ndipo wengi wanapolia.

Uso wenyewe ni mgumu kuua. Elektroni inayokwenda kushoto na inayokwenda kulia zina spini zinazopingana, kwa hiyo elektroni haiwezi kugonga uchafu wa kawaida na kurudi moja kwa moja ilikotoka. Uchafu usio na sumaku hauna namna ya kuigeuza spini. Msaliti wako ni sehemu ya ndani. Seleni hutoroka fuwele inapokuzwa, na kila atomu iliyotoroka huacha elektroni zinazozurura. Kihami chako kinakuwa metali, na mkondo wa usoni unazama katika mafuriko.

Danganya fuwele bila huruma. Ichanganye na kalsiamu inayonyonya elektroni za ziada. Badilisha sehemu ya seleni kwa teluri, au sehemu ya bismuthi kwa antimoni. Ifanye nyembamba ili kilicho ndani kipungue huku uso ukibaki uleule. Tia volteji juu yake na uzifukuze elektroni zilizobaki. Hizi ni hila za kujivunia.

Kisha itakuja hila ambayo sikupi. Utapima ukinzani ndani ya uga wa sumaku, utaona mchongoko mkali kwenye sifuri, utaulazimisha ufuate fomyula ya Hikami, Larkin na Nagaoka ya mwaka 1980, na namba itatoka karibu na hasi nusu, kama unavyoomba. Usishangilie. Utando mwembamba wa metali nzito yoyote hutoa mchongoko wa namna hiyo. Inamisha sampuli. Ikiwa umbo linafuata tu sehemu ya uga inayosimama wima juu ya uso, una hali ya pande mbili, na hata hapo hujathibitisha topolojia. Vivyo hivyo na rula yako ndefu inayochora mstari kutoka nukta nne za mawimbi ya ukinzani mpaka ukomo ili kupata awamu ya Berry, alama nyingine inayohusishwa na topolojia. Nukta nne ni chache mno.

Hatua ya 5: Jivune, lakini chelewa

Utataka kutangaza. Kumbuka yaliyotokea jirani, kwenye nyaya nyembamba za nusu-kipitishi zilizounganishwa na kipitishi kikuu. Mwaka 2018 kundi la Delft lilichapisha katika Nature kwamba limeona dalili ya chembe ya Majorana. Mwaka 2021 makala hiyo iliondolewa, kwa sababu data kamili haikuonyesha kilichodaiwa. Wataalamu walioichunguza hawakuona nia ya hila. Waliona watu waliobebwa na msisimko. Nawaonea huruma, maana msisimko huo ndio uliotuleta wote hapa. Ndiyo sababu nakuambia: mpe mwenzako asiyeijua ndoto yako data yote, aichambue kabla yako.

Hatua ya 6: Shindwa vizuri

Mwaka 1969 watafiti walipima heksaboridi ya samari. Ukinzani ulipanda kadiri baridi ilivyozidi, kisha kwenye kelvini chache juu ya sifuri ukagoma kupanda. Kwa miongo, wengi waliulaumu uchafu. Nadharia ya mwaka 2010 ikasema huenda hiki ni kihami cha topolojia, na kufikia 2013 vipimo vilikuwa vimeonyesha kwamba katika baridi hiyo umeme unapita usoni. Mstari uliogoma ulikuwa umechapishwa muda wote huo, kwa yeyote anayetaka kuusoma upya.

Kwa hiyo grafu yako inayogoma usiifute. Andika pembeni unene wa sampuli, halijoto, saa ilipobanduliwa na jinsi nyaya zilivyobandikwa, kisha iweke mahali ambapo mtu mwingine ataikuta.