Barua ya Wazi kwa Tume ya Udhibiti, Kutoka kwa Mtazamaji wa Baraka

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Tume ya Taifa ya Udhibiti wa Nyimbo na Maonyesho, Kinshasa.

YAH: PONGEZI KWA KAZI ILIYOFANYWA NA WENGINE

Tume hii, iliyoundwa kwa dekreti ya mwaka 1996 ili nyimbo na maonyesho yakaguliwe kabla ya kuwafikia wananchi, na yale yanayoonekana kuharibu maadili au kuvunja heshima ya dola yazuiwe, haijulikani sana Baraka, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika katika wilaya ya Fizi. Kutojulikana huko kusichukuliwe kuwa utovu wa adabu, kwani sinema zinazotazamwa Baraka hufika kwa njia ambazo muhuri wa Kinshasa hauzipitii, yaani kwa kadi za kumbukumbu na flashi zinazovuka ziwa kutoka Kigoma au kuteremka na barabara ya Uvira, zikajazwa kibandani kwa faranga chache, kisha zikachomekwa kwenye simu au kwenye televisheni inayotegemea betri ya sola.

Nyingi ya sinema hizo huwa zimekwisha kutafsiriwa, na kutafsiri hapa si kuweka maandishi chini ya picha, bali ni kuilaza sauti ya msimulizi wa Kitanzania, awe Lufufu au mmoja wa warithi wake, juu ya sauti za waigizaji, ili aeleze, atanie, akemee, na akipenda ambatize jambazi wa Hong Kong jina la Kiswahili. Kwa kipimo cha kazi, kila msimulizi wa namna hiyo ni tume kamili ya udhibiti, tena isiyodai posho ya kikao.

Mtazamaji ambaye maoni yake yanawasilishwa hapa si mhakiki wala msomi wa sinema. Ni mtu wa kawaida ambaye simu yake huegemezwa kwenye kopo la maziwa ya unga, watoto wa jirani wakibanana nyuma ya bega lake, na ambaye mwishoni mwa juma alitazama sinema tatu zinazohusiana, kila moja kwa namna yake, na ziwa lililo mbele ya nyumba yake.

Ya kwanza ni The African Queen ya John Huston, ya mwaka 1951, ambayo sehemu yake ilipigwa picha kwenye mto Ruiki wakati Kongo ingali koloni la Ubelgiji, na ambayo hadithi yake ya mashua chakavu inayoizamisha meli ya Wajerumani imechotwa, kwa uhuru mkubwa, kutoka vita vya 1915 na 1916 katika Ziwa Tanganyika. Maoni ni mafupi: Humphrey Bogart alistahili tuzo yake ya Oscar, ruba wanatisha, na mwisho wake ni uongo mtupu, kwa sababu meli halisi, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe, ikaibuliwa, ikaitwa Liemba, na ikaendelea kwa miongo mingi kubeba abiria, dagaa na wakimbizi katika ziwa hilohilo. Hapa Tume haina kesi.

Ya pili ndiyo iliyosababisha barua hii kuandikwa. Ni Che ya Steven Soderbergh, iliyotolewa mwaka 2008 kwa sehemu mbili ambazo kwa pamoja zinapita saa nne, na iliyompatia Benicio del Toro tuzo ya mwigizaji bora wa kiume huko Cannes. Sehemu ya kwanza inaonyesha vita vya Kyuba, vikichanganywa na safari ya Ernesto Guevara mjini New York mwezi Desemba 1964, alipohutubia Umoja wa Mataifa. Sehemu ya pili inamkuta akiingia Bolivia kwa sura ya bandia mwezi Novemba 1966. Kati ya tarehe hizo mbili kuna shimo, na ndani ya shimo hilo imezikwa Fizi nzima. Maana Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akatua Kibamba tarehe 24 Aprili 1965, akiitwa Tatu, kwa kuwa Wakyuba walijipa majina ya vita kwa hesabu ya Kiswahili, na Moja na Mbili walikuwa wenzake wawili. Alikaa katika milima ya Fizi karibu miezi saba pamoja na Wakyuba waliozidi mia moja; akaugua, akafundisha, akawasubiri viongozi wa waasi wa Kongo waliopendelea kukaa ng'ambo ya ziwa, akawashuhudia wapiganaji waliotegemea dawa, yaani maji ya mganga yaliyoaminiwa kuzipotosha risasi, na usiku wa Novemba 1965 akarudi Kigoma kwa mashua, kisha akaandika kitabu kizima kueleza jinsi safari hiyo ilivyoshindwa. Hata barua yake maarufu ya kuaga, ambayo Fidel Castro aliwasomea Wakyuba mwezi Oktoba 1965, ilisomwa mwandishi wake angali Fizi.

Mzee mmoja aliyekaribishwa kutazama, kila milima ilipotokea kiooni, aliuliza kama sasa wamefika Fizi, naye kila mara akajibiwa kwamba hiyo ni Bolivia. Betri iliisha, ikachajiwa, sinema ikamalizika, na Fizi haikufika.

Tume inastahili kuitazama kazi hiyo kwa wivu. Novemba 2021, ilipozizuia nyimbo za kundi la MPR na za Bob Elvis, katazo la wimbo wa MPR uitwao Nini Tosali Te liliondolewa kabla wiki haijaisha, likiwa limeutangaza wimbo huo bure mpaka kwa watu wasiojua Kilingala. Soderbergh alikata miezi saba ya historia ya Kongo bila barua ya waziri, bila mkutano na waandishi wa habari, na bila mtu yeyote nje ya Fizi kugundua kwamba kuna kitu kimekatwa. Udhibiti uliokamilika ni ule usioacha kovu, na kwa sababu hiyo inapendekezwa kwamba mwongozaji huyo apewe uanachama wa heshima wa Tume.

Sinema ya tatu, The Wild Geese ya mwaka 1978, ina Richard Burton na Roger Moore kama mamluki, yaani askari wanaopigana kwa mshahara wa mwajiri badala ya kwa amri ya nchi yao. Mshauri wake wa kiufundi alikuwa Mike Hoare, yuleyule ambaye Komando yake ya 5 ilishuka ufukoni Baraka mwishoni mwa Septemba 1965 ili kuwatimua waasi na Wakyuba wao. Milipuko yake ni mizuri, hilo lisibishwe; ila mzungu anayekufa humo hupewa muda wa kufa, ilhali Waafrika huanguka kwa mafungu bila hata jina, katika nchi isiyotajwa, iliyopigwa picha Afrika Kusini. Kwa hiyo aliyeshindwa Fizi alipewa saa nne ambazo Fizi haimo, na aliyeishinda Baraka alilipwa kuwafundisha waigizaji namna ya kushinda mahali pasipo na jina.

Tume ikijibu kwamba mambo ya wageni hayaihusu, itakumbushwa kwamba Septemba 2015 serikali iliizuia filamu ya wageni Thierry Michel na Colette Braeckman, L'Homme qui répare les femmes, inayomhusu daktari Denis Mukwege wa Hospitali ya Panzi, Bukavu, na kwamba waziri Lambert Mende, msemaji wa serikali wakati huo, alidai ushuhuda wa wanawake uliotolewa humo kwa lugha za wenyeji ulitafsiriwa vibaya ili kulichafua jeshi; katazo likaondolewa mwezi uliofuata. Inatia moyo kuona Kinshasa ikiumwa namna hiyo na usahihi wa maneno ya wanawake wa Kivu. Ila Februari 2011 mahakama ya kijeshi inayotembea, yaani ile ambayo mahakimu wake huwafuata mashahidi walipo, iliketi papa hapa Baraka, ikawasikiliza wanawake wa Fizi, ikamhukumu luteni kanali wa jeshi hilohilo kifungo cha miaka 20 kwa ubakaji uliofanywa Fizi siku ya mwaka mpya. Hukumu hiyo haikuhitaji maandishi chini ya picha.

Kwa kuwa uchungu huo wa lugha bado upo, Tume inaombwa itoe mapema kibali cha sinema ambayo haijatengenezwa bado, inayohusu miezi saba ya 1965, isemwe kwa Kiswahili na Kibembe, ipigwe picha Kibamba, Fizi na Baraka kwenyewe, ili siku atakapopatikana mwenye kamera na fedha isikwamishwe na karatasi. Kama kutakuwa na mahali pa kukata, Tume itume mjumbe mmoja aje kukata mbele ya wazee waliokuwapo mwaka huo, ambao kila msimu wanapungua.