Tahadhari kwa Mwalimu Mpya wa Sayansi Kalemie

Mwalimu, umepewa sayansi, darasa la saba na la nane, hapa Kalemie. Programu mpya inataka kila somo lianzie kwenye jambo ambalo mtoto hukutana nalo maishani. Usitishike. Liandike jambo hilo ubaoni, waambie watoto walinakili, kisha endelea kusomesha maelezo ya mwaka jana. Inspekta akipita atalikuta daftarini, tena kwa mwandiko mzuri.

Cha kwanza kufichwa kiwe kipimajoto. Kitabu kinasema maji huchemka kwa digrii 100. Mji huu uko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji hutokota yakiwa kwenye 97 hivi. Mtoto akichovya kipimajoto kwenye sufuria atasoma 97, halafu atakutazama usoni. Unaweza kusema kipimajoto ni kibovu. Unaweza kusema mtoto ndiye mbovu. Ukiuliza darasa kumetokea nini, wiki yako imekwisha: huyu atataka kipimajoto cha pili, yule atauliza ingekuwaje kule pwani ya bahari, na wa nyuma kabisa, ambaye mwaka mzima hajafungua kinywa, atataka kujua kama 97 zinatosha kuua kipindupindu. (Zinatosha, tena zinabaki. Lakini ukimjibu, kesho atarudi.) Kwenye mtihani jibu sahihi libaki 100.

Ukifundisha mwanga, usitaje ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani. Wote wanajua kwamba mitumbwi hutoka usiku na taa, na kwamba mbalamwezi ikikolea wavuvi wengi hupumzika. Mmoja atasema samaki hufuata taa yenyewe, mwingine atasema hufuata vidudu vilivyokusanyika kwenye mwanga, na wa tatu atauliza, "Tutajuaje nani amesema kweli?" Huo ndio ugonjwa wenyewe, na huambukiza dawati kwa dawati. Bahati yako darasa limejaa. Ukiwa na watoto sitini, kengele itakuokoa.

Hatari kubwa kuliko zote ni mto Lukuga. Kati ya wasafiri wa Kizungu, Cameron alifika mwaka 1874 akatangaza kwamba hapa ndipo maji ya Ziwa Tanganyika yanapotokea kwenda nje. Stanley akaja 1876, akakuta matete na maji yasiyokwenda popote, akabisha. Mwaka 1879 Hore akaukuta mto unakimbia kwa nguvu kuelekea magharibi. Mwalimu mwenye kupenda usingizi wake atamchagua mmoja, amwandike ubaoni na kumpigia mstari. Ukiwaachia watoto wawapambanishe watatu hao, watagundua kwamba kila mmoja alisema alichokiona: ziwa lilikuwa limeendelea kupanda mpaka likakisukuma kile kizuizi cha matete na matope. Kutoka hapo ni hatua moja tu hadi maji ya ziwa yaliyoingia majumbani hapa mwaka 2024, na maswali ambayo hata ofisi ya mkoa isingependa kuulizwa: mto mmoja tu unalitoa maji ziwa zima, je, unapitisha kiasi gani? Nani anaupima? Nani aliruhusu watu wajenge pale maji yalipofika?

Kwa hiyo, matembezi ya darasa yaishie sokoni. Mkuu wa shule akishikilia muende Lukuga, wapange watoto mistari, nyuso kwako, migongo mtoni, uwasomee maelezo. Atakayeokota kijiti akitaka kukitupa majini aone kinaelekea wapi, mnyang'anye mapema.