Kanuni 7 za Trigonometria: Kutoka Mkiani Hadi Kileleni

Orodha hii haina kura. Kigezo ni kimoja tu: kanuni ipi, ukiishika vizuri, inakuzalia nyingine nyingi? Kaeni mkao wa kula, tunaanzia mkiani.

7. tan A = sin A ÷ cos A
Waliokariri kifupisho cha shuleni SOTOCA-HAH wanaifahamu tangu utotoni. Ni mchapakazi, ila usiipeleke nyuzi 90! Huko kosini ni 0, na kugawanya kwa 0 hakuna. Inazimia palepale.

6. a/sin A = b/sin B = c/sin C
Fupi, tamu, na yenye mtego. sin 30° na sin 150° zote ni ½, kwa hiyo ukiitafuta pembe kwa njia hii unaweza kupewa majibu mawili na kuachiwa kesi uamue mwenyewe. Chora pembetatu kwanza, hakimu.

5. cos A cos B = ½[cos(A − B) + cos(A + B)]
Mstaafu wetu, msalimuni kwa heshima. Kabla John Napier hajachapisha logi zake mwaka 1614, wanafalaki kama Tycho Brahe waliitumia kugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha: unatafuta pembe kwenye jedwali, unajumlisha, unagawa kwa mbili, umemaliza.

4. c² = a² + b² − 2ab cos C
Pythagoras asiyesubiri pembe mraba. Weka C iwe nyuzi 90, mkia wote unafutika. Ufaransa huiita kanuni ya Al-Kashi, kwa heshima ya mwanahisabati wa Kiajemi aliyefariki Samarkand mwaka 1429. Pembe ikizidi nyuzi 90, kosini yake ni hasi. Hasi kwa hasi ni chanya. Wangapi wamezama hapo wakiona ufukwe!

3. sin 2A = 2 sin A cos A
Wapenzi wa soka, hii ni yenu. Mpira uliopigwa kutoka ardhini, tukiacha upinzani wa hewa, hutua umbali wa u² sin 2A ÷ g, ambapo u ni kasi ya mwanzo, A ni pembe ya kupigia, na g ni mchapuko wa mvutano. Sini haivuki 1, na inaifikia 2A ikiwa nyuzi 90. Unataka mbali kabisa? Piga kwa nyuzi 45. Na ukipiga kwa 30 au kwa 60, kwa kasi ileile, mpira unatua palepale, kwa sababu sin 60° na sin 120° ni sawa. Wa 60 unapita juu ya ukuta wa mabeki. Wa 30 unawahi kufika. Chagueni.

2. sin²A + cos²A = 1
Najua, mlitegemea iwe kileleni. Inakubali pembe yoyote, haina masharti. Igawe yote kwa cos²A, unapata 1 + tan²A = sec²A bila kukariri. Ila ole wake anayeng'oa vile vipeo: sin 45° + cos 45° ni takriban 1.414, na msahihishaji hana huruma.

1. cos(A − B) = cos A cos B + sin A sin B
Mama yao huyu hapa! Weka B = A: kushoto cos 0 ni 1, kulia namba 2 imesimama mlangoni. Weka −B mahali pa B, unapata cos(A + B). Zijumlishe hizo mbili, namba 5 imezaliwa. Weka 90° − A mahali pa A, inatoka sin(A + B); humo fanya B = A, namba 3 hiyo.

Uthibitisho wake ni mzuri kuliko kanuni zote saba. Chukua nukta mbili kwenye duara lenye nusukipenyo 1, kisha pima umbali kati yao mara mbili: kwa majira ya nukta, na kwa namba 4. Linganisha. Kweli, njiani unaiazima namba 2. Ndiyo maana namba 2 haijakata rufaa.

Sasa weka kikokotoo pembeni, utafute cos 15°. Ni cos(45° − 30°), na jibu ni (√6 + √2) ÷ 4. Ukikosa, chungulia alama ya katikati: kutoa ndani ya mabano, kujumlisha nje.