Printa Ipo, Ila Haijulikani

Wanaosema kompyuta haisahau hawajawahi kutuma barua ya mkurugenzi kwenye printa iliyo nyuma ya kiti chao, wakajibiwa kwamba printa hiyo haipatikani. Haipatikani vipi na joto lake nalisikia mgongoni? Taa ya kijani inawaka, karatasi zipo, wino umejaa. Kompyuta imekaza shingo: haijulikani.

Ukweli ambao muuzaji hakwambii dukani ni kwamba kompyuta haimjui mtu wala kitu kwa jina. Inajua namba. Printa yetu inaitwa PRINTA-UHASIBU, na jina hilo tumelibandika ubavuni kwa gundi, lakini kwa mashine hizo ni kelele tu mpaka apatikane wa kuzigeuza kuwa namba ya IP, zile 192.168 na mkia wake. Kwa hiyo kila ukibonyeza kitufe cha kuprinti, kompyuta ya mamilioni ya shilingi inaanza kuulizauliza majirani.

Na jinsi inavyouliza ndiyo inayoniudhi. Kwanza inachungulia faili moja dogo liitwalo hosts, ambalo Windows imelificha ndani ya System32, kisha drivers, kisha etc, kana kwamba ni hati ya kiwanja. Lililoandikwa humo halipingwi, hata kama liliandikwa na mtu aliyeacha kazi zamani. Lisipokuwa na jibu, inaiuliza seva ya DNS, ile inayotunza orodha ya majina na namba zake. Seva nayo ikikana, inapayuka kwenye mtandao mzima wa ofisi: jamani, PRINTA-UHASIBU ni nani? Tabia hii ya kupayuka ni ya tangu enzi za NetBIOS, ambayo haitaki jina lizidi herufi 15. Letu lina 14 ukihesabu na kistari, tumeponea chupuchupu. Kinachotisha ni kwamba mashine yoyote inaweza kuitikia "mimi hapa", na anayewahi kuitika huaminiwa. Wezi wa nywila wanalijua hilo vizuri kuliko wahasibu.

Nikamwita kijana wetu wa TEHAMA.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Printa."

Akaandika ping na namba ya printa, 192.168.1.57. Ikajibu haraka, bila haya. Akaandika ping na jina. Kompyuta ikaenda kugonga 192.168.1.20, ambako hakuna mtu. Kijana akacheka peke yake, akafungua lile faili la hosts, na huko chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja wa fundi aliyemtangulia, unaoapa kwamba printa inakaa kwenye 20. Ruta ilishabadilishwa, printa ikapewa namba nyingine, mstari ukabaki palepale ukiendelea kutoa ushahidi wa uongo.

Akaufuta. Nikadhani yamekwisha. Kumbe kwenye seva ya DNS jina halikuwemo kabisa, kwa hiyo sasa jibu likawa hakuna kitu cha jina hilo duniani. Wakati wa kupayuka ulipofika, printa nayo ikanyamaza, haijafundishwa kuitika. Kijana akaenda akaliandika jina kwenye seva, akarudi, tukajaribu. Hakuna kitu cha jina hilo duniani.

"Mbona umeliandika?"

"Nimeliandika, mzee. Ila kompyuta yako bado inakumbuka kwamba iliambiwa halipo."

Hapo ndipo niliposhika kichwa. Mashine isiyoweza kukumbuka jina la printa ina uwezo wa kukumbuka kwamba printa haipo! Akanieleza kwamba ndivyo ilivyokusudiwa: jibu la "ndiyo" huhifadhiwa kwa muda, na jibu la "hapana" pia, ili seva zisisumbuliwe kwa swali lilelile. Muda wenyewe hupangwa kwa sekunde; ukiona 86400, hiyo ni siku nzima ya ubishi. Akaandika ipconfig /flushdns, kompyuta ikasahau ujinga wake, barua ikatoka. Mkurugenzi alikuwa ameshaondoka.

Nisichokielewa ni kwamba mashine hiyohiyo hupata tovuti iliyoko ng'ambo ya bahari kabla sijapepesa jicho. Huko nje kazi inakwenda kama unavyotafuta nyumba Manzese: wa kwanza hajui, ila anamjua mjumbe anayejua. Seva za mzizi zina majina 13, kuanzia A mpaka M, na nakala zake zimetapakaa duniani kwa zaidi ya elfu moja. Hazijui tovuti yako ilipo, lakini zinajua nani anashika .tz na nani anashika .ke, huyo naye anakusogeza kwa mwenye jina.

Mjumbe akitoweka, basi. Tarehe 4 Oktoba 2021 agizo la matengenezo lilikata mtandao wa ndani wa Facebook, seva zake za DNS zikajiondoa zenyewe kwenye njia za intaneti, na WhatsApp ikalala kwa saa kama sita. Kompyuta zao hazikuungua. Zilikosa tu wa kuzielekeza, na huku kwetu watu wakalaumu bando.

Zamani kulikuwa na mtu wa kumlalamikia. Miaka ya 1970, kwenye mtandao wa ARPANET, majina yote ya kompyuta yalikaa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na mama mmoja, Elizabeth Feinler, na wenzake huko Menlo Park, California. Ukiwa na kompyuta mpya unawaarifu, wanaiandika, wengine wananakili. Mtandao ukakua, faili likawalemea, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS. Simlaumu, orodha moja isingetosha dunia nzima. Lakini mama Feinler ungempigia simu saa za kazi na ukasikia sauti ya binadamu.

Sisi tumebaki na nyinyi, ndugu zetu wa TEHAMA. Mkibadilisha namba ya kitu, futeni na ile ya zamani. Na mkilazimika kuandika mstari kwenye hosts, wekeni alama ya # mwishoni, kompyuta haisomi chochote kinachoifuata, kisha andikeni jina lenu na tarehe. Tunataka kujua wa kumlaumu.