Unga Wenye Lishe

Mtaa wetu unaitwa Mnazi Mmoja, lakini mama yangu hajawahi kupika kwa nazi moja. Wali wa watu watano anakunia tatu, na tui la kwanza hataki hata lisikie habari za maji. Hivyo ndivyo nilivyolelewa: nikaota meno, nikaota ndevu, nikaoa, nikaota na kitambi. Kwa hiyo siku daktari aliponifunga ule mkanda wa presha mkononi, akaupuliza, akatazama namba, akaufungua na kuufunga upya kama mtu asiyeiamini mizani ya bucha, nilijua kesi inaelekea wapi.

"Jioni huwa unakula nini?" akaniuliza.

Nikamjibu kwa sentensi moja. Yeye akaandika ukurasa.

Ilikuwa mwaka 2023, natimiza miaka 50. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania nayo ilianzishwa 1973, maana yake tu rika moja, ila mwenzangu miaka hiyo yote alikuwa anawafundisha watu kula, mimi nilikuwa nakula. Pale kliniki, nikisubiri dawa, niliyasoma makundi matano ya chakula ukutani mpaka nikayashika: nafaka, mizizi na ndizi; kunde na nyama, samaki na wenzao; mbogamboga; matunda; na mwisho kabisa mafuta na sukari, kwa kipimo. Mimi ni mhasibu. Ukinipa makundi matano na siku saba, nitakuchorea jedwali. Nililichora, nikalitia rangi tano, nikalichapa kwenye karatasi kubwa, nikaomba likizo ya wiki moja, nikalibandika kwenye mlango wa friji.

Mke wangu anauza vitenge Kariakoo, kwenye fremu ambayo mteja akiingia, yeye hutoka. Hurudi saa moja jioni miguu imejaa. Alilisoma jedwali lote kasimama, mkoba begani.

"Nani anapika?"

"Mimi."

"Wiki nzima?"

"Wiki nzima."

Akautua mkoba polepole. "Baba watoto, Mungu akuzidishie. Usinipigie simu dukani kuuliza mwiko uko wapi."

Kwa mama ilikuwa ngumu zaidi. Nilimweleza kwamba Shirika la Afya Duniani linataka mtu asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Kijiko cha chai, siku nzima?"

"Ndiyo mama. Mtu mmoja."

"Mtu gani huyo?"

Jumatatu jedwali lilisema ugali wa dona, matembele na samaki wa kuchemsha. Dona nilikuwa nimeisikia, ule unga wa mahindi yasiyokobolewa, pumba na kiini chake humohumo. Lakini jina likanitoka nikiwa kaunta. Nikaona haya kuuliza, mtu mzima na mvi zangu, nikamwambia kijana wa duka, "Nipe unga wenye lishe, kilo mbili."

"Wa lishe upo mzee wangu. Huu una kila kitu ndani, mpaka karanga."

Mpaka karanga! Nikajiona nimekwisha ruka hatua. Nikapanda ghorofa tatu napiga mluzi.

Msomaji aliyewahi kulea mtoto ameshacheka. Mimi nililea kwa kulipa ada, sikuwahi kukoroga uji. Maji yalipochemka nikamimina unga, jiko zima likanukia kama njugu za kukaanga, nikajua mambo ni mazuri. Rangi ikawa ya kahawa iliyotiwa maziwa. Nikasonga. Ugali ukakataa kuwa ugali. Nikaongeza unga, ukawa mzito juu na laini chini. Nikaongeza tena, mwiko ukaanza kunivuta mimi badala ya mimi kuuvuta. Nikaupakua kwenye sinia, nikaufinyanga mduara mzuri, nikaupeleka mezani. Mduara ulikaa kwa muda wa bismillahi. Baada ya hapo ukaanza kushuka taratibu kuelekea ukingo wa sinia, sote tunautazama, hakuna anayesema.

Binti yangu wa miaka kumi na miwili akachovya kidole, akaonja. "Baba, huu ni uji wa chekechea."

Mama akageukia kabatini. "Leteni vikombe."

Tulikunywa ugali na samaki. Jumanne nilinunua dona, nikaipika vizuri, nayo haina hadithi.

Jumatano nilikwenda sokoni. Hapa lazima nieleze jambo kwa wasioishi kwetu. Kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja, ukiupa mgongo mnara wa Mwenge na kuvuka Lumumba, unaingia Kariakoo kwa miguu bila kuhema. Kwa hiyo sisi hatuna sababu yoyote ya kukosa mboga. Tuna sababu nyingi za kupata vitu vingine. Spika moja inapiga kelele kila kitu elfu moja, ya jirani yake inasema kila kitu buku mbili na chagua mwenyewe, na katikati yao umesimama wewe uliyetoka nyumbani kufuata mchicha.

Mama alikuwa amenipa maelekezo: niingie soko kuu, nishuke shimoni, nimuulizie mzee wa bamia.

"Mama, soko liliungua." Na ni kweli. Lile jengo lenye mapaa kama miavuli, alilolisanifu Beda Amuli na kufunguliwa 1975, lilishika moto Julai 2021, na wakati ule ninaousimulia bado lilikuwa linajengwa upya nyuma ya mabati.

"Najua liliungua," akasema mama. "Na bamia ziliungua?"

Nikanunua mafungu manne ya mchicha kwa mama mmoja aliyetandika kiroba chini, mbichi, bado una matone ya maji. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu: kuununua kwanza. Nikaukumbatia kwapani, nikaingia kwenye msongamano. Kariakoo ilipata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nami nashuhudia kwamba wapagazi hawajaondoka. "Mzigo huo! Mzee, pembeni!" Nikaubwaga mwili kwenye ukuta, mkokoteni wa majora ukapita. "Pembeni!" Mwingine, wa mabeseni. Kila nilipobanwa ukutani nilijikuta uso kwa uso na bidhaa, na ni utovu wa adabu kumtazama mfanyabiashara machoni kwa dakika mbili kisha usinunue kitu.

Nilirudi saa nane na seti ya vikombe sita, kamba ya kuanikia, tochi ya kuvaa kichwani na zulia dogo la bafuni. Mchicha ulikuwepo. Ulikuwa umeiva. Kwapa langu na jua la saa sita vilikuwa vimeshaumaliza, na binti yangu alipoufungua akauliza kama nimeshautia kitunguu.

Lakini nikiri kwamba pamoja na hayo yote, kufikia siku hiyo nilikuwa naona matunda. Mama, ambaye kwa miaka mitatu magoti yalimkataza ngazi, alikuwa akishuka ghorofa zote tatu kila siku mchana "kunyoosha miguu", na kupanda tena bila kulalamika. Watoto, ambao zamani walitoka shule na kuivamia friji kama nzige, sasa waliingia wametulia, wakafungua madaftari. Mke wangu jioni alikula kidogo, kwa heshima, kama mgeni. Nyumba ilikuwa imepunguza ulafi. Niliandika pembeni mwa jedwali, kwa kalamu ya kijani: *Magoti ya mama, nafuu.*

Alhamisi ilikuwa zamu ya maharage. Jedwali langu lilikuwa na safu ya makundi, safu ya gharama, hata safu ya maoni. Safu ya kuloweka haikuwepo. Niliyabandika jikoni saa kumi na moja yakiwa makavu kama yalivyotoka gunia. Saa kumi na mbili yalikuwa yanagonga sufuria kwa sauti ya kokoto. Saa moja nilionja moja, nikahisi jino limetikisika. Saa moja na nusu mwali wa gesi ukageuka njano, ukapungua, ukanipungia mkono, ukazimika. Mtungi ulikuwa mwepesi kama kibuyu.

Mke wangu alikuwa anaoga. Nikachukua hotipoti mbili, nikashuka.

Uchochoroni kwetu, pembeni ya fundi cherehani, yupo mama lishe. Zamani tuliwaita mama ntilie, kwa sababu ya wateja waliokuwa wakisema "nitilie na mimi". Siku hizi ni mama lishe, neno lililopita masikioni mwangu maelfu ya mara bila kubisha hodi. Nilimkuta anafuta benchi, sufuria bado ziko juu ya majivu. Nikamnong'oneza. Hakuniuliza chochote, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili. Akapakua wali, maharage ya nazi, mchicha, vipande vya samaki wa kukaanga, akafunga tikiti maji kwenye mfuko wa nailoni.

Juu nikahamishia kila kitu kwenye sufuria zangu. Maharage yangu nikayaficha chini ya sinki.

Mtoto wa kiume, yuko darasa la tano, akahesabu kwa uma. "Nafaka. Kunde na samaki. Mboga. Tunda. Mafuta haya hapa. Baba, leo yote matano!" Nilikuwa nimetapatapa siku nne bila kuyapata yote kwenye sahani moja.

Mama akatia tonge la kwanza mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Huu mkono naujua," akasema.

Kisha, ajabu, hakuendelea. Mama yangu, ambaye akishika la kusema hulisema mpaka jirani wa ghorofa ya nne ajibu, aliinamia sahani. Watoto nao wakainamia zao. Mke wangu akasema samaki ni mzuri, akameza maji.

Ijumaa asubuhi nilishuka kulipa, maana usiku sikuwa na chenji. Mama lishe akafuta mikono kwenye kanga, akatoa daftari la kurasa za miraba chini ya kopo la vijiko.

"Kaka, za jana tu, au nikupe na za wiki?"

Nimekagua vitabu vya kampuni kwa miaka ishirini na tano, na nimeona vichache vilivyotunzwa vile. Jumatatu: *Bibi gorofani, wali maharage, 1. Watoto wake, 2.* Jumanne: *Bibi, 1, kaongeza chumvi. Watoto, 2.* Jumatano: *Bibi, 1. Watoto, 2. Mama watoto, kapitia saa kumi na mbili, chapati maharage, kala amesimama.* Alhamisi: *Bibi, 1. Watoto, 2. Baba mwenyewe, hotipoti 2.* Tarehe mbele, bei nyuma, jumla imepigiwa mstari mara mbili.

Nikalipa. Akahesabu noti, akanirudishia mia tano, akaufungua ukurasa mpya.

"Na wiki ijayo bado unapika wewe?" akauliza, kalamu tayari. "Nijue nilowekee maharage kiasi gani."